Kocha Aliyetufundisha Kulowa

Kinondo nzima ilimwita Kocha. Imamu alimwita Kocha, wauza samaki walimwita Kocha, na asubuhi moja nilimsikia mumewe mwenyewe, mzee mpole aliyeshinda uani akishona makuti, akimwuliza, "Kocha, chumvi umeiweka wapi?" Jina alilopewa na wazazi wake nililijua baadaye sana. Sitaliandika hapa, kwa kuwa ukimwita kwa jina hilo hageuki.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Mfupi, mpana wa mabega, na baibui lake jeusi lilikuwa limepauka pindoni kwa tope la misimu mingi. Shingoni alivaa filimbi iliyofungwa kwa mshipi wa kuvulia. Sikumsikia akiipuliza hata siku moja. Sauti yake ilitoka kifuani, ikavuka uwanja, ikavuka barabara, ikamkuta mtu aliyeinama akijifanya anafunga kamba.

"Mueni! Kiatu hicho kimefungwa tangu alfajiri!"

Mueni ndiye mimi. Kwetu ni Makueni, na nilikuwa nikifanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani. Waliofanya kazi ufukweni wanajua mambo yanavyokwenda: mvua za mwaka zikianza, watalii hurudi kwao, vitanda hufunikwa mashuka, nasi tunaambiwa twende nyumbani, tutaitwa. Mwaka ule sikutaka kwenda nyumbani. Nilikuwa nimeachwa na mtu niliyekwisha kuwatajia wazazi, na nilijua mama yangu angenitazama tu, bila kuuliza, na kutazamwa huko nisingekuweza. Nikabaki katika chumba changu cha Ukunda, nikilala mchana, nikisikiliza mvua juu ya mabati.

Aliyenitoa humo ni Mwanasiti, fundi cherehani wa Kinondo aliyekuwa akitushonea sare za kazi. Alikuja kuchukua kitambaa, akanikuta sijafungua dirisha.

"Kuna mbio," akaniambia. "Zinaanzia juu, mjini Kwale. Zinashuka kando ya msitu wa Shimba, zinavuka mto, zinapita mashamba ya miwa, mpaka ufukweni Msambweni. Ni kukimbia kutwa. Na hufanywa msimu huu huu wa mvua, wakati hoteli zina vyumba vitupu na zinatafuta wageni."

"Ni nani mwenye akili zake atakayekimbia kutwa kwenye mvua?"

"Mimi," akasema Mwanasiti, mwanamke mwenye watoto watatu. "Njoo umwone Kocha."

Siku ya kwanza nilikwenda nimevaa koti la mvua lenye kofia, mali ya hoteli. Mvua ilikuwa ile ya kukaa, isiyo na haraka ya kwenda popote. Uwanjani kwenye shule ya zamani ya Kocha niliwakuta watu wachache wamepanga foleni kando ya darasa, pale maji ya paa yalipokuwa yanamwagika kama bomba lililopasuka. Nilidhani wanakinga maji. Kumbe walikuwa wanaingia chini yake mmoja mmoja, wanasimama kidogo, wanatoka wakitweta.

"Shikamoo," nikamwambia mwanamke wa baibui, ambaye yeye mwenyewe alikuwa amelowa chapachapa.

"Marahaba. Wewe ndiye Mueni. Jina hilo kwenu maana yake nini?"

"Mgeni, Mwalimu."

"Kocha. Basi mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe mlima. Na koti hilo ni la nini?"

"La mvua, Kocha."

"Litakufikisha wapi? Litajaa maji kabla hujauona hata mto, na utakimbia umebeba kisima mgongoni. Livue. Ingia."

Nikaingia. Maji ya bati yana baridi yake, baridi inayokushika utosini na kushuka uti wa mgongo kama mkono wa mtu. Nilipiga ukelele. Hakuna aliyecheka. Kocha alingoja mpaka pumzi yangu iliporudi.

"Sasa umeshalowa," akasema. "Aliyekwisha kulowa hana tena la kuogopa. Kilichobaki ni kazi."

Ndivyo tulivyoanza kila siku. Alisema watu wengi hukimbia nusu ya mbio wakijaribu kubaki wakavu: wanaruka vidimbwi, wanakunja mabega, wanakaza shingo, na nguvu ambazo zingewapandisha kilima zinaishia kwenye kuyakwepa maji. Kwa hiyo alitulowesha kwanza. Na kila mara, kabla ya mtu yeyote, yeye ndiye aliyetangulia kusimama chini ya paa lile, macho ameyafumba, baibui limemgandia, kama anayesikiliza habari kutoka mbali.

Tope aliligawa kwa majina aliyoyabuni mwenyewe. Kulikuwa na tope la uji, lisilo na madhara, la kupita tu. Kulikuwa na tope la sabuni, lile jekundu la kule vilimani ambalo halikupi onyo. Na kulikuwa na tope la mkwe, linalokushika mguu na kukuuliza habari za nyumbani moja baada ya moja, nawe huwezi kuondoka kabla halijaridhika. Kwa tope la mkwe alitufundisha kutovutana nalo. Unalegeza kifundo, unazungusha kisigino, unatoka kwa adabu.

"Fupisha hatua, Mueni! Fupisha! Tope halimpendi mwenye tamaa!"

Na kwenye mteremko: "Usipatazame utakapoanguka! Patazame utakapokanyaga!"

Sentensi hii ya pili nimeitumia tangu wakati huo katika mambo mengi yasiyohusu miguu.

Alitupaka mafuta ya nazi mapajani, kwapani, na katikati ya vidole, kama mama anayewaandaa watoto kwa sikukuu, na hakuona haya wala hakuturuhusu sisi kuona haya. Alitulisha viazi vitamu vilivyochemshwa kwa chumvi, na tende, tukiwa tunakimbia, kwa sababu alisema tumbo nalo lazima lifundishwe kufanya kazi huku likitikiswa. Mtu akitapika, alimsubiri amalize, akampa kiazi kingine.

Pamoja na ukali huo wote, Kocha aliogopa radi. Siyo kuogopa kwa busara, kama sisi sote. Ngurumo ya kwanza ikisikika upande wa bahari, mwanamke yule aliyekuwa akituamrisha kama askari alikimbilia nyumba ya karibu, ya mtu yeyote, akaomba kioo kifunikwe kisivute radi, akakaa sakafuni amejifunika leso gubigubi, akisoma dua. Tulikaa naye humo ndani, tumelowa, katika sebule za watu tusiowajua, tukinywa chai yao. Ngurumo zikipita alijifunua, akakunja leso yake vizuri, akawashukuru wenyeji, na akaanza kufoka tangu mlangoni. Hakuna aliyethubutu kutabasamu. Mara moja Mwanasiti alimwuliza kwa upole ni kwa nini. "Kila mtu ana kitu chake kinachouzidi ujasiri wake," Kocha akasema. "Mimi ni hicho. Wewe ni nini?" Mwanasiti akafikiri, akasema, "Mama mkwe wangu." Hapo Kocha alicheka mpaka akashika ukuta.

Alikuwa Mwislamu wa kushika swala, na mazoezi yalipangwa kuzizunguka swala kama maji yanavyozunguka jiwe. Mimi ni Mkristo. Jumapili ya kwanza nilijitokeza uwanjani mapema ili nimfurahishe.

"Umekwenda kanisani?"

"Sijakwenda, Kocha."

"Basi nenda. Sitaki kukimbiza mtu ambaye hajasema asante." Nami nikaenda, na viatu vyangu vya matope, baada ya miezi mingi ya kutokwenda. Nikamkuta baadaye amekaa pale pale uwanjani ananisubiri. Alisema tu, "Paani kunamwagika vizuri leo."

Tulipopita kando ya Kaya, ule msitu wa wazee, sauti yake kubwa ilizimika yenyewe. Alitembea na kuinamisha kichwa, na sisi tukatembea. Hatua chache baada ya mti wa mwisho kelele zikaanza upya, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa jambo ambalo lilikuwa gumzo la kijiji: hakuna aliyewahi kumwona Kocha akikimbia. Mbio za kuikimbia radi hatukuzihesabu. Tulipokwenda masafa marefu alipanda bodaboda akatutangulia, akatusubiri kwenye njia panda, amesimama na mwavuli uliofungwa, maana hakuwahi kuufungua. Ulikuwa wa kuelekezea tu. Wengine walisema aliwahi kuuwakilisha mkoa katika mbio ujanani na kuvunjika nyonga. Wengine walisema aliweka nadhiri. Mwinyi alisema hajui kukimbia kabisa, kwamba ni kama mpishi asiyeonja.

Huyu Mwinyi ndiye aliyekuwa tegemeo letu. Alikuwa dereva wa bodaboda pale Ukunda, kijana wa Kidigo mwenye miguu mirefu na mdomo mrefu zaidi, na alikuwa na kipaji ambacho hata mimi nisiyejua chochote nilikiona. Akipanda kilima ungedhani kilima ndicho kinachoshuka. Mwaka uliotangulia alikuwa wa pili, na aliamini mwaka huu ushindi ni wake. Kocha hakuwahi kumsifu. Kwetu sisi wengine alikuwa na "Vyema" moja moja, iliyotoka kwa taabu kama jino. Kwa Mwinyi hakuwa nayo. Alimwambia jambo lile lile kila siku: "Miguu unayo. Ngoja akili ifike."

Wiki chache kabla ya mbio, tulikwenda zoezi la mwisho la masafa marefu. Mvua ilikuwa imenyesha mfululizo huko juu. Tulianzia karibu na Kwale, tukashuka kando ya msitu. Tope la sabuni, kisha la mkwe, kisha tena la sabuni. Nilianguka mara nyingi kiasi kwamba niliacha kujifuta. Mikorosho ilikuwa inatiririka, na kila kijito tulichokijua kilikuwa kimebadilika sauti. Nilikuwa na furaha. Nalisema hili kwa sababu nalikumbuka waziwazi: nikiwa nimelowa, nimechubuka, na mdomo umejaa ladha ya udongo, niligundua kwamba tangu asubuhi sijamfikiria yule aliyeniacha.

Tulipofika kwenye mto Mkurumudzi, Kocha alikuwa ameshafika. Alisimama ukingoni, mgongo wake kwetu. Kivuko tulichozoea, mahali pa mawe ambapo wanawake hufua, hakikuwapo. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kimyakimya, kwa upana, yakibeba matawi na hata shina zima la mgomba likiwa na majani yake.

"Tunarudi," akasema. "Tutazunguka kwa daraja la barabarani."

Daraja lilikuwa mbali. Kurudi kule kulikuwa ni kupanda tena tulikoshukia. Mwanasiti alikaa chini papo hapo.

"Kocha, mto huu nimeuvuka tangu nikiwa mtoto," Mwinyi akasema. "Maji haya ni ya kiunoni."

"Yalikuwa ya kiunoni."

"Siku ya mbio je? Nitawaambia wenzangu wanisubiri nikazunguke darajani?"

"Siku ya mbio nitakuwa nimekuzika au nitakuwa nimekushangilia. Chagua."

"Nakwenda kupima tu," akasema Mwinyi, na akaingia.

Alipiga hatua chache, na kwa kweli yalikuwa ya kiunoni. Aligeuka akatutazama, mikono juu, akitabasamu. Kisha mguu wake ukakosa kitu cha kukanyaga. Sikuona akianguka. Niliona tu kwamba pale alipokuwa amesimama pana maji, na kichwa chake kiko mbali, kinazunguka, kinakwenda.

Mwanasiti alipiga mayowe. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimegeuka kumtazama Kocha, kwa sababu wakati ule nilikuwa nimezoea kwamba chochote kikitokea unamtazama Kocha, na ndiyo sababu niliona yote.

Alivua baibui kwa mkupuo mmoja, akaliacha likianguka. Chini yake alikuwa amevaa suruali ya michezo na leso mbili zimefungwa kiunoni. Na Kocha akakimbia.

Sijui niseme vipi. Nimewaona wakimbiaji wengi tangu siku ile, na wengine ni watu wa medali. Sijaona kitu kama kile. Mwanamke mfupi, mnene, nywele zina mvi, alikuwa anakata ukingo ule wa utelezi kana kwamba ameuweka yeye, mizizi, mawe, vichaka, hatua fupi fupi zisizokaa mahali muda wa kuteleza. Mabega yametulia. Kichwa hakitikisiki. Mto ulikuwa unakwenda kasi na yeye alikuwa anakwenda kasi kuliko mto. Tulimfuata, sisi tuliokuwa vijana, na alituacha kama tumesimama.

Mbele kidogo mto ulipinda, na kwenye kona hiyo mti mkubwa ulikuwa umeanguka, nusu majini. Alijua pale pana mti. Alikuwa ameshuka ukingo huo wote kabla hatujafika, akiutazama, wakati sisi tulipodhani anatusubiri tu. Alifika kwenye mti, akautambaa kwa tumbo mpaka mahali shina linapozama, akaunga leso zake kwa fundo, akafunga ncha moja kwenye tawi na nyingine akaizungusha mkononi. Mwinyi akaja. Hakuwa akiogelea tena, alikuwa analetwa tu. Kocha akamrukia kwa nusu ya mwili, akamshika shati, shati likachanika, akamshika nywele.

Tulipofika tukamshika Kocha miguu, na tukawavuta wote wawili kama watu wanaovuta jarife.

Mwinyi alitapika maji mengi. Alikuwa hai, analia kama mtoto, akirudia, "Nisamehe, Kocha. Nisamehe, Kocha." Nilingoja kofi. Kocha alikaa kwenye tope, mkono wake wenye leso umekuwa mweusi kwa kubanwa, anatetemeka mwili mzima mpaka meno yanagongana. Akamvuta kichwa Mwinyi akakilaza pajani pake, akamfuta uso kwa kiganja, taratibu, akimwondolea majani masikioni. Kisha akamwambia, kwa sauti ya kawaida ambayo sikujua kama anayo:

"Sasa akili imefika. Ikaribishe."

Mwanasiti alimletea baibui lake. Alijisitiri, akajitenga kidogo, akaelekea kibla, akasali pale kwenye majani yaliyolowa. Alipomaliza alitukuta tumekaa tumejikunyata.

"Mnapata baridi. Inukeni. Daraja haliji lenyewe."

Bodaboda iliyomleta alikuwa ameshairudisha. Kwa hiyo tulipanda naye njia yote ile, na alikimbia nasi, nyuma kabisa, nyuma ya Mwinyi, bila kufoka hata mara moja. Nilipunguza mwendo nikawa naye sambamba. Nilikuwa nimejawa na kitu kinachofanana na woga, kama mtu aliyekaa na jirani miaka na siku moja akamkuta akizungumza na simba.

"Kocha," nikasema, "mbona hukimbii? Ukiwa unaweza hivi?"

Alikwenda hatua kadhaa.

"Nilikimbia sana ujanani. Kila mahali watu walinitazama. Wengine kwa kunipenda, wengine kwa kunisema, mtoto wa kike anakimbia mapaja wazi. Nikachoka kutazamwa, Mueni. Mbio sikuzichoka." Akanitazama miguu. "Fupisha hatua."

Siku ya mbio mvua ilinyesha tangu alfajiri. Pale Kwale wakimbiaji kutoka miji mingine walijibanza chini ya mahema, wamevaa makoti, wanalaani mawingu. Sisi tulisimama nje. Hapakuwa na paa la kumwaga maji, kwa hiyo Kocha alikuja na ndoo. Watu walitupiga picha. Mwinyi aliinamisha kichwa akamwagiwa wa kwanza.

Sitasimulia mbio zote. Mto ulikuwa umepungua na waandaaji walikuwa wamefunga kamba nene kutoka ukingo hadi ukingo. Mwinyi alifika pale akiongoza. Hili tuliambiwa na watu wa kamba: alifika peke yake, hakuna mtu nyuma yake kwa umbali wa kuonekana, na alikataa kuvuka. Alisimama akishika kamba mpaka alipofika wa pili, kisha wa tatu, akawaambia, "Tuvuke pamoja, huu si wa kuvuka mtu peke yake." Wakavuka wakishikana mikono, wageni wale wasiomjua. Ng'ambo walikimbia kila mtu kwa miguu yake, na yule wa tatu, mtu wa bara mwenye mapafu ya kwao, akashinda. Mwinyi akawa wa pili tena.

Mimi nilifika Msambweni jua, lililokuwa halijaonekana kutwa, likijitokeza kidogo chini ya mawingu. Mwanasiti alikuwa mbele yangu kidogo tu. Watu walishangilia, lakini nilimtafuta mmoja. Kocha alikuwa amesimama mbali na mstari wa mwisho, mahali ambapo huwezi kuona nani ameshinda. Mwinyi alikuwa amekaa mchangani karibu naye. Kocha alinitazama miguu kwanza, nilivyokuwa nikikanyaga, kisha uso.

"Vyema," akasema.

Nililia. Nilikuwa na umri wa kutolia kwa neno moja, na nililia.

Nilikimbia naye misimu mingine kadhaa. Baadaye kazi ikanipeleka Nairobi, kisha Arusha, na kama inavyokuwa, salamu zikawa za sikukuu, kisha zikawa za kuulizia kwa watu. Mwanasiti aliniambia kwamba mumewe Kocha amefariki na kwamba yeye Kocha amehamia kwa binti yake mpakani, Lunga Lunga. Nikasema nitakwenda kumwona. Nilisema hivyo mara nyingi.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, nilikuwa nasafiri kwenda Tanga kwa basi. Pale Lunga Lunga tulishuka kugonga mihuri, kisha tukaambiwa tungoje. Malori yalikuwa yamepanga foleni ndefu kando ya barabara, injini zimezimwa, madereva wamelala uvunguni kwa joto. Nilisimama kivulini nikinywa maji, nikaona mtu anakuja kando ya foleni ile, mkono mmoja unagusa lori baada ya lori.

Alikuwa amekonda. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yale yale. Alivaa dera, na chini ya dera mguu mmoja ulikuwa wake na mwingine ulikuwa wa bandia. Alikuwa anaukanyaga, anaungoja, anaukanyaga tena. Jasho lilikuwa linamtoka kama maji ya bati. Nilijua ni sukari, ugonjwa huo umewachukua wengi wetu vipande vipande. Nikamkimbilia, mikono imetangulia.

"Shikamoo, Kocha!"

"Marahaba. Usinishike."

Nikaishusha mikono. Alifika kwenye gurudumu la lori lililokuwa mbele yake, akaliegemea, ndipo akanitazama sawasawa. "Mueni. Umenenepa, alhamdulillahi. Hujambo?"

"Sijambo, Kocha. Pole. Sikujua. Pole sana."

"Nimeshapoa. Huu mpya hauna neno, hauchoki wala hauumi." Akaugonga kwa kiganja. "Huu wa zamani ndio mlalamishi. Unamwonea mwenziwe wivu."

Nikamwuliza anakwenda wapi na jua lile.

"Lori la mwisho."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Jana niliishia lile la buluu."

Akajisukuma kutoka kwenye gurudumu, akaendelea. Nilitembea kando yake bila kumgusa, na nilitambua kwamba nimepunguza hatua zangu ziwe fupi bila mtu kuniambia. Aliniuliza habari za Mwanasiti, na za mama yangu, na kama nimeolewa, na akasikiliza majibu. Madereva waliinua vichwa chini ya malori, mmoja mmoja, wakamwamkia. Walikuwa wanamjua. Hakuna aliyemwambia apumzike.

Mbele, lango likafunguliwa. Injini zikaanza kunguruma, foleni ikataka kusogea, na basi letu likapiga honi.

"Nenda, utaachwa," akasema.

"Kocha, nitarudi. Safari hii nitarudi kweli."

"Nenda, Mueni."

Nikakimbia. Nilipopanda, kondakta akinifokea, nilikwenda moja kwa moja hadi dirisha la nyuma. Foleni ilikuwa imesogea, malori mengine yalikuwa yameongezeka kule nyuma, na lile lililokuwa la mwisho tulipokuwa tukizungumza halikuwa la mwisho tena. Kocha alikuwa amesimama, mkono kiunoni, anayatazama hayo mapya. Kisha aliweka kiganja chake juu ya bati la moto la lori lililokuwa karibu naye, na akaanza kwenda.